Mstari Nilioufuta

Nilijifunza hifadhidata ni kitu gani katika ukumbi wa chini wa kanisa moja pale Rexdale, Kanada, na kilichonipeleka mle hakikuwa elimu bali joto. Ilikuwa Jumamosi ya Januari. Zamu yangu ya ghala, karibu na uwanja wa ndege, ilianza saa kumi, na basi la barabara ya Kipling lilikuwa limenishusha mapema mno. Nikaona watu wakishuka ngazi za kanisa na kompyuta kwapani, nikashuka nao. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Kulikuwa na chai ya maziwa na mandazi yaliyofunikwa kwa taulo, nikajua nimefika kwa watu wangu.

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja kwa miaka mitatu mfululizo. Nimeosha magari Nakuru, nimeuza mitumba Arusha, nimekata nyama katika kiwanda kimoja huko Alberta, na kila mahali nimeondoka kwa namna ile ile: kitu kikiharibika mkononi mwangu, nafunga begi. Lakini kuuliza sijawahi kuacha. Nasoma hata karatasi zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa. Nimefungua saa, redio na kufuli nyingi ili nione ndani kuna nini, na si zote nilizoweza kuzirudisha zilivyokuwa.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa Mwanza aliyekaribia miaka hamsini. Siku za kazi alitunza hifadhidata za ofisi moja kubwa katikati ya mji. Jumamosi alifundisha bure yeyote aliyeshuka zile ngazi. Wengi wetu tulikuwa Wakenya, wauguzi waliochoka kuinua wagonjwa na wanafunzi waliochoka kuinua maboksi, naye alitucheka kwa jinsi tulivyoongea. Alisema Kiswahili chetu ni kama nyumba iliyojengwa kwa mabati ya watu wengine. Mmoja wetu akamjibu kwamba cha kwao ni kizuri sana ila kinachelewa kufika.

Siku ile alichora jedwali ubaoni. Alisema hifadhidata si kitu cha kuogopwa, ni majedwali tu yanayojuana. Kila mstari unaolala ni kitu kimoja: mtu mmoja, simu moja, siku moja. Kila safu inayosimama ni habari moja juu ya kitu hicho: jina, mtaa, umri. Halafu kila mstari lazima uwe na ufunguo, yaani kitambulisho ambacho hakiwezi kamwe kuwa cha wawili.

Aliuliza ufunguo wa mtu uwe nini. Muuguzi mmoja akasema jina. Mwalimu akamwuliza jina lake la kwanza, kisha akauliza nani mwingine analo, na mikono miwili ikainuka. Mimi, ambaye nilikuwa nimekuja kuota joto, nikasema basi tuweke jina pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

"Haya, Mkenya," alisema. "Wangapi humu karatasi zao zinasema tarehe mosi Januari?"

Mikono minne ikainuka, na ukumbi ukacheka. Kila aliyepita kwenye madawati ya uhamiaji anaijua tarehe hiyo. Ukiulizwa umezaliwa lini nawe unajua mwaka tu, au unajua ulizaliwa wakati wa mavuno, karani anakuandikia siku ya kwanza ya mwaka. Yuko mzee mmoja kanisani aliyekuwa akisema kwamba Mwaka Mpya ni sikukuu yake na ya nusu ya Afrika.

"Ndiyo maana tunampa kila mtu namba," mwalimu alisema. "Namba isiyo na maana yoyote. Haiolewi, haihami, hairithiwi."

Kabla ya kumaliza alitufundisha jambo moja zaidi, ambalo nililipenda kuliko yote. Alitia namba ya nyumba kwenye mistari miwili, na mstari wa tatu akauacha mtupu. Akauliza huyu wa tatu anakaa wapi. Tukasema hana nyumba. Akatikisa kichwa. Utupu katika jedwali, alisema, si sifuri wala si hapana. Maana yake ni kwamba hatujui. Mtu anakaa mahali fulani, ana mlango na kitanda, ila sisi hatujui. Nililiandika neno hilo kwenye risiti ya basi na kulipigia mstari.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Machi ilipofika nilikuwa nikimwuliza mambo mengi hadi akaanza kuficha mandazi ili niondoke.

Kanisa lilikuwa na kamati ya wazee. Kulikuwa na wazee arobaini na kitu, wengi wao wanawake, walioletwa Kanada na watoto wao kulea wajukuu. Wajukuu wakakua, watoto wakahamia miji yenye kazi, wazee wakabaki kwenye maghorofa ya Rexdale na Thorncliffe Park, kila mmoja na chumba chake. Mama mmoja wa kamati, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa na kitabu kikubwa cha kaunta, cha jalada gumu. Kila asubuhi saa nne alikaa kwenye simu ya ofisi ya kanisa na kuwapigia wote, mmoja baada ya mwingine. Asiyepokea alipigiwa tena adhuhuri. Asipopokea adhuhuri, mama alivaa koti na kwenda kugonga mlango. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka mingi, na hakuna mzee aliyekaa zaidi ya siku moja bila mtu kujua yuko hai.

Kitabu kile kilikuwa kimejaa maandishi yake ya mshazari. Mtu mmoja alikuwa "yule wa magoti." Mwingine alikuwa "usimwambie habari za mwanawe." Mama alikuwa amechoka, macho yalianza kumsumbua, na vijana waliotaka kumsaidia hawakuweza kusoma mwandiko wake. Mimi nikajitolea kukihamishia kitabu katika hifadhidata. Mwalimu alikubali, akasema litakuwa zoezi la darasa zima, naye atakuwa akichukua nakala ya akiba kila Jumamosi na kwenda nayo kwake Thorncliffe.

Ilinichukua jioni za majuma mengi. Jedwali moja la wazee, kila mmoja na namba yake. Jedwali jingine la simu: tarehe, nani alipiga, alipokelewa au hakupokelewa. Kila mstari wa simu ulibeba namba ya mzee aliyepigiwa, na hivyo majedwali mawili yakajuana. Mwalimu alitufundisha kuyafunga kwa pamoja, kwamba ukimfuta mzee, simu zake nazo zifutike, vinginevyo yanabaki maandishi yasiyo na mwenyewe. Yeye aliyaita mayatima. Sikuwaza siku ile kwamba mayatima ndio wanaokwambia kulikuwa na mzazi.

Mfumo ulipoanza, mama wa kamati aliacha kupiga simu mwenyewe. Vijana watatu waligawana orodha niliyoichapisha kila Jumatatu. Kila mmoja alipiga aliowakuta kwenye karatasi yake, akatia alama, na jioni mimi nikaingiza alama kwenye kompyuta. Ilikuwa kazi safi. Kitabu cha kaunta mama alikipeleka nyumbani kwa mwanawe Unionville, akakiweka na vitu vyake vingine.

Majira ya baridi yaliyofuata, Jumapili moja baada ya ibada, nilikaa ofisini kusafisha orodha. Kusafisha ndilo neno nililolitumia. Nilikuwa nimejifunza kuuliza kompyuta swali la namna hii: nionyeshe mistari inayofanana. Ikanionyesha miwili.

Majina matatu, yote sawa. Tarehe mosi Januari, mwaka ule ule. Jengo lile lile la Kipling. Simu zilikuwa tofauti, lakini watu hubadilisha simu. Mstari mmoja ulikuwa umejaa: ghorofa ya nne, namba ya mlango, jina la binti, dawa anazotumia, na kwenye safu ya hali mtu alikuwa ameandika juma lililopita, "amesafiri, asipigiwe mpaka arudi." Mstari wa pili ulikuwa na jina, tarehe, jengo na simu. Kwingine kote kulikuwa kutupu.

Nikaona kinachoonekana. Mtu mmoja aliandikwa mara mbili, kwanza ovyo, kisha vizuri. Nilishika ule mtupu, nikabonyeza futa. Kompyuta ikanijulisha kwamba mistari mingine inayoutegemea itafutika pia, ikaniuliza kama nina hakika. Nakala isiyo na mtu nyuma yake isingekuwa na simu zilizopokelewa. Hilo nimelifikiria baadaye mara nyingi. Wakati ule nilikuwa na njaa, na huko chini walikuwa wanapakua pilau. Nikabonyeza ndiyo.

Na mimi ni mtu wa Nyeri. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo ndugu wanne wakizaa, kunakuwa na wasichana wanne wa jina moja katika boma moja. Mimi mwenyewe nina binamu wawili ambao ukiita jina langu getini tunageuka sote watatu. Ningeambiwa jambo hili kwa mdomo, na mama yeyote wa kule, ningelielewa kabla hajamaliza. Lakini nililisoma kwenye kioo cha kompyuta, na mbele ya kioo kile nilikuwa nimesahau kwetu ni wapi.

Jumatatu baridi ikaingia, ile inayofanya pua iume kabla hujafika kituoni. Redio iliwaambia watu wakae ndani. Kwenye ghala milango ya malori iliganda, tukaipasua barafu kwa mitaimbo. Kila jioni niliingiza alama za vijana, na kila jioni zilikuwa zilezile: amepokea, amepokea, amepokea. Nilianza kujivunia orodha ile kama mtu anavyojivunia ng'ombe wake.

Jumamosi mwalimu alitaka tujifunze kuuliza swali juu ya majedwali mawili kwa pamoja. Alinipa mimi kazi hiyo kwa sababu mfumo ulikuwa wangu: nionyeshe kila mzee ambaye yuko mjini na ambaye hakupokea simu hata moja juma hili. Niliandika swali polepole, huku projekta ikiwaonyesha wenzangu ukutani kilichokuwa kikitokea kwenye kioo changu. Nikabonyeza. Jibu likaja mara moja. Mistari sifuri.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasema, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwamba Mkenya huyu angemaliza shule angekuwa hatari.

Mama wa kamati alikuwa ameshuka kuchukua birika. Alisimama mlangoni akisoma ukuta, akatabasamu, akasema anamshukuru Mungu kwa juma kama hili. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, yule shosho, bibi mwenye sauti ndogo wa ghorofa ya kumi na moja, kifua chake kinaendeleaje, maana tangu aache kupiga simu hajamsikia.

Nikamwuliza jina. Akalitaja. Nikaliandika, na mstari mmoja ukajitokeza.

"Huyu amesafiri," nilisema.

"Huyo ni wa ghorofa ya nne," mama alisema. "Amekwenda kumzika kaka yake. Mimi nauliza wa kumi na moja. Binamu yake."

Nadhani nilisema kwamba ni mmoja. Mama akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Nani amekwambia ni mmoja? Wamelelewa nyumba moja. Mzungu mmoja aliwabatiza siku moja. Yule wa nne alihamia jengo lile ili awe karibu na mwenzake."

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu ya ubao. Aliifunika, akaiweka mezani, akaniuliza lini. Nikamwambia Jumapili. Akahesabu kwa vidole, bila kutoa sauti, kisha akaomba funguo zake za gari. Zilikuwa mfukoni mwake.

Namba ya simu ya shosho hatukuwa nayo. Hilo lilikuja tukiwa tayari nje kwenye theluji. Mama alikuwa akipiga kwa simu ya kanisa akisoma kitabuni, hakuwa na namba hata moja kichwani. Kitabu kilikuwa Unionville, nje ya mji. Nakala ya akiba ilikuwa Thorncliffe, upande wa pili wa mji. Namba yenyewe ilikuwa ndani ya mstari nilioufuta. Kutoka kanisani hadi jengo lile ni dakika kumi na mbili kukiwa hakuna theluji, na njia nzima mama alikuwa akiomba kwa lugha ya kwao. Niliona nimeshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Mama alikuwa amefika kwa shosho mara moja tu, miaka mingi nyuma, akimletea uji. Alikumbuka ghorofa, mlango hakuukumbuka. Tulitoka kwenye lifti ya kumi na moja tukakuta ujia mrefu wenye zulia la rangi ya udongo na milango inayofanana, pande zote mbili, hadi mwisho. Mama alitembea mbele akigusa kila mlango kwa kiganja kana kwamba mlango ungemjua. Ndani ya mmoja kulikuwa na televisheni. Ndani ya mwingine mtoto alilia. Mwalimu alianza upande wa kulia, mimi wa kushoto, tukawa tunagonga na kuomba radhi kwa watu tusiowajua.

Milango mitatu haikufunguliwa.

Tulishuka kumtafuta msimamizi wa jengo. Alikuwa mwanamume mpole wa kutoka visiwa vya Karibi, aliyevaa koti juu ya koti. Tukamweleza. Alichukua karatasi zake, akapitisha kidole, akapata jina, akafurahi kwa niaba yetu. Alisema tusiwe na wasiwasi, bibi huyo amesafiri kwenda Afrika, alimuaga mwenyewe na kumwachia ufunguo amwagilie maua. Alisema juzi jirani mmoja wa kumi na moja alimwuliza kuhusu bibi huyo huyo, naye akamjibu hivyo hivyo.

Mwalimu aliinamia karatasi za msimamizi, akazifunua mwenyewe kurasa mbili mbele, akaweka kidole. Jina lilikuwa pale tena, na mlango mwingine. Yule mtu akalisoma mara mbili. Kisha akachukua pete ya funguo kutoka ukutani bila kufunga ofisi yake.

Ulikuwa mlango wa mwisho, karibu na ngazi. Nilikuwa nimeugonga.

Mlango ulifunguka mpaka mnyororo wa ndani ukaushika, na kupitia upenyo ule ilitoka baridi. Hicho ndicho kilichotutisha, kwa sababu majengo yale hayana baridi, yanachoma. Msimamizi akaita. Hakuna kilichojibu. Mama akasukuma mdomo wake kwenye upenyo akamwita shosho kwa jina la nyumbani, lile la utotoni, na baada ya muda ambao siwezi kuupima tukasikia kitu kikigonga sakafu, kidogo, mara mbili. Msimamizi akakata mnyororo.

Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na dirisha. Alikuwa amelifungua dirisha Alhamisi kutoa moshi wa sufuria, akateleza, nyonga ikavunjika, na dirisha likabaki wazi. Alikuwa amelivuta blanketi kutoka kitandani kwa mkono mmoja, likafika nusu. Simu ilikuwa juu ya meza, hatua tatu kutoka kwake. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika kiatu, na hicho ndicho alichogonga nacho.

Mama alipiga magoti akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Mwalimu akafunga dirisha na kuita ambulensi. Mimi nilisimama mlangoni. Shosho alizungusha macho, akatupata mmoja mmoja, akasema kwa ile sauti ndogo, bila kulaumu, kama mtu anayetoa taarifa:

"Saa nne ilipita."

Hakufa. Madaktari walimfunga nyonga kwa chuma, wakamkata vidole viwili vya mguu vilivyoganda. Walisema hataweza tena kuishi peke yake ghorofani. Usiku wa Ijumaa, walisema, nusura umuue.

Jioni ile ile mwalimu alileta nakala ya akiba. Alinikalisha kwenye kiti cha ofisini, akasimama nyuma yangu, akanielekeza hatua kwa hatua namna ya kuurudisha mstari. Dakika moja haikuisha. Jina likatokea, tarehe ikatokea, simu zote alizopokea zikatokea chini yake, moja kwa kila asubuhi, mpaka nakala ilipochukuliwa Jumamosi, siku moja kabla sijaufuta. Mwalimu alinifundisha hapo hapo kwamba hifadhidata ya watu haifutwi. Unatia alama, unaandika nani kaitia na kwa nini, na mstari unakaa. Alisema angenifundisha mapema, ila alidhani somo hilo ni la muhula wa pili.

Nilipofika chumbani nilitoa begi chini ya kitanda. Nilikunja nguo. Kuna gari la Winnipeg linaloondoka asubuhi, na kule nilikuwa na mtu. Nilikaa na begi lile miguuni majuma matatu, nikienda ghalani na kurudi, sijalifungua wala sijalibeba. Mama wa kamati ndiye aliyenizuia, ingawa sidhani alikusudia. Alipita kunijulisha kwamba yule wa ghorofa ya nne anarudi Jumanne kutoka mazishini, kwamba ameambiwa tu kwenye simu mwenzake aliteleza, na kwamba habari nyingine lazima apewe na mtu. Akasema mtu huyo hatakuwa yeye.

Nilimkuta hajafungua hata mizigo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kujaza chumba, akanikaribisha kwa maneno mengi na kunitengenezea chai huku akinisimulia mvua ya kule. Nikamwacha amalize. Kisha nikamweleza yote, jedwali, mstari, kitufe, pilau. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Tulikuwa wawili kwenye hiyo mashine yako," alisema. "Ukataka kumwondoa mmoja. Mbona yeye?"

"Habari zake zilikuwa chache, shosho. Zako zilikuwa zimejaa."

Alikaa. Alitazama dirishani, kule barabara ya Kipling ilikokuwa ikipitisha magari. Aliniambia kwamba walipokuwa watoto, misheni iligawa maziwa asubuhi. Mtawa alisoma majina kutoka daftarini, na jina lao liliandikwa mara moja tu, kwa sababu yule mtawa naye alidhani ni mmoja. Likisomwa, yeye aliitika. Mwenzake hakuwahi kusema hata mara moja kwamba na yeye yupo. Alingoja nje, wakagawana kikombe.

"Miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa naitika," alisema. "Safari hii nilikwenda kuzika."

Nikamwomba msamaha. Alivaa koti lake lile lile la safari, akaniambia nishike mfuko wa ndizi aliouleta, twende. Nikauliza wapi, ingawa nilijua. Akasema mwenzake yuko kitandani huko hospitali majuma matatu, kila mtu anamletea uji na maombi, na hakuna hata mmoja aliyemweleza kwa nini simu haikulia. Utamweleza wewe, alisema.

Tulipanda basi. Hospitalini shosho alikuwa ameketi, amefunikwa mpaka kiunoni, mikono juu ya shuka. Wale wawili walishikana mikono, kisha yule mrefu akasogea pembeni na kunionyesha kiti kwa kidevu.

Nilimweleza taratibu zaidi, kwa maneno mepesi. Kwamba kulikuwa na orodha. Kwamba niliona majina mawili nikadhani ni mtu mmoja. Kwamba nilimtoa, na waliokuwa wakipiga simu hawakukuta jina lake, na kwa hiyo hawakujua kuna mtu anayekosekana. Alinitazama mdomoni muda wote, kama anavyotazama mtu asiyetaka kupoteza neno.

Akaniuliza zilikuwa siku ngapi bila simu. Nikamwambia sita.

"Kwa hiyo haikuwa jambo nililolisema," aliuliza.

Sikumwelewa. Akageuza uso kwa mwenzake, akasema naye badala yangu, kwa sauti ile ambayo lazima uisogelee ndipo uisikie.

"Simu ilipokosa kulia Jumatatu, nilidhani nimewaudhi. Nikaanza kukumbuka kila nililomwambia yule kijana wa juma lililopita. Nikasema, nisipige mimi, nitawazidishia hasira. Hata nilipoanguka pale chini, siku zile zote, nilikuwa natafuta nimemkosea nani."

Mwenzake akaketi ukingoni mwa kitanda. Mfuko wa ndizi ulikuwa bado mkononi mwangu, na hakuna aliyeniambia niuweke wapi.